‘Ni uchovu tu’: Mgonjwa anaposema asisikizwe

Wahenga walituonya kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo tumefunzwa na kuifunza darasani miaka nenda miaka rudi, pasi na mtu kuinua mkono na kuuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, lilistahili kuulizwa zamani. Je, yule ambaye hakuficha? Yule aliyepanda matatu alfajiri, akalipa ada ya kumwona daktari, akakaa kwenye benchi hadi adhuhuri, akaingia na kuyataja maradhi yake kwa ulimi wake mwenyewe, kisha akaambiwa, “Huna kitu, nenda ukapumzike”, huyo methali yake ni ipi? Utamaduni wetu umejaa mawaidha ya kumhimiza mgonjwa aseme. Mawaidha ya kumhimiza anayeambiwa asikie ni haba.

Mimi si daktari wa tiba. Udaktari wangu ni wa falsafa, nao haujawahi kumponya mtu hata mafua, ingawa wapo wazee kijijini kwetu ambao bado hunionyesha magoti yao kila nifikapo likizoni. Kazi yangu ni isimu, yaani kuchunguza jinsi watu wanavyoitumia lugha, na kwa jicho hilo nataka leo kulitazama jambo ambalo aghalabu huachiwa wanasayansi: mtu afanyeje anapohisi kwamba mwili wake unamwambia jambo, na mtaalamu aliyemwendea anamwambia kwamba hakuna jambo?

Tuanze na neno dogo kabisa, nalo ni “tu”. Katika sarufi tunalieleza kuwa neno la kuweka mpaka: nina shilingi kumi tu, nimekuja kukusalimia tu. Neno lenyewe halina kosa lolote. Likiingia katika chumba cha daktari, hata hivyo, hugeuka likawa kufuli. “Ni uchovu tu.” “Ni umri tu, mama.” “Ni mawazo tu.” “Ni asidi tu.” “Ni mambo ya kike tu.” Zitazame kauli hizi. Hazina swali ndani yake, hazina “huenda”, hazina “iwapo”, wala hazina siku ya kurudi. Zilinganishe na kauli hii: “Huenda ni uchovu, usipopata nafuu kwa majuma mawili, rudi nikutazame upya.” Daktari anayesema hivyo yamkini amekosea sawasawa na mwenzake, lakini ameuacha mlango wazi, na mgonjwa akirudi hataonekana msumbufu. Yule wa “tu” ametoa hukumu, na hukumu hiyo haina rufaa isipokuwa mgonjwa aitafute mwenyewe.

Mnamo mwaka wa 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walichapisha uchunguzi ambao sisi tunaoshughulikia uchanganuzi wa mazungumzo hatuchoki kuutaja. Walirekodi mazungumzo 74 baina ya madaktari na wagonjwa, wakapima muda ambao mgonjwa huachiwa aeleze kilichomleta kabla ya kukatizwa. Jibu lilikuwa wastani wa sekunde 18. Asilimia 23 tu ya wagonjwa ndio walioweza kuifikisha kauli yao ya kwanza mwisho. Mwalimu anayesoma makala haya na ajaribu kuita rejesta ya darasa lake kwa sekunde 18, aone atafika jina la nani.

Sasa zichukue sekunde hizo uzilete kwetu. Huko Marekani wengi wa waliohusika walizungumza lugha moja. Hapa kwetu mgonjwa huwaza maumivu yake kwa lugha ya mama, akayatafsiri kwa Kiswahili, naye daktari akayatafsiri tena kwa Kiingereza ili ayaandike kwenye kadi. Ni vivuko viwili, na katika kila kivuko mzigo hupungua. Mtu akisema ana “homa”, amesema ana joto mwilini, au ana mafua, au ana malaria? Nchini Kenya neno hilo hubeba yote matatu. Akisema “kifua kinanisumbua”, ni kikohozi, ni pumu, ni maumivu ya moyo au ni kifua kikuu alichokuwa nacho babake? “Tumbo” kwa mwanamke wa makamo huweza kuwa utumbo, na huweza kuwa kizazi ambacho adabu haimruhusu kukitaja mbele ya kijana aliye rika la kitindamimba wake. Mwanamume naye akisema “sina nguvu siku hizi”, daktari mgeni ataandika uchovu na kumpa vidonge vya vitamini, ilhali mzee wa watu alikuwa akizungumzia jambo jingine kabisa.

Fauka ya hayo, wengi wetu hatukulelewa kuanza na kiini. Tunaanza mbali. Mama yule ataanza na kichwa, aje kwenye magoti, ataje usingizi, na damu iliyomtoka miaka mitano baada ya kukoma hedhi ataitaja akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango. Kwake yeye hiyo ndiyo habari yenyewe, na kuichelewesha ndiyo heshima. Kwa daktari aliyefunzwa kuandika lalamiko la kwanza kuwa ndilo kuu, mgonjwa huyu amekuja kwa sababu ya kichwa.

Yalinifika na mimi. Mwaka wa 2022, nikiwa na umri wa miaka 45, sauti yangu ilianza kukwaruza katika juma la pili la muhula. Sikuwa na mafua wala kikohozi. Kufikia juma la tano nilikuwa siwezi kusikika katika safu ya tatu ya ukumbi wenye wanafunzi wapatao mia mbili, na mara kwa mara maji yalinipalia. Nilikwenda katika kliniki moja ya kibinafsi jijini. Daktari alikuwa mtu mchangamfu. Aliniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia, alicheka kwa wema. “Ninyi walimu! Hilo ni koo la ualimu tu. Kunywa maji ya uvuguvugu, punguza kusema.” Akanimulika mdomoni kwa kurunzi, akaniandikia dawa za kuua bakteria na peremende za koo.

Majuma mawili baadaye nilirudi. Hali ilikuwa mbaya zaidi, nami nilimwambia hivyo. Safari hii alinieleza kuhusu msongo wa mawazo, kisha akanipa kauli ambayo sijaisahau: “Mwalimu, wewe unajisikiliza mno.”

Naam, nilikuwa nikijisikiliza. Kusikiliza sauti za watu ndiko kunakonilisha. Nilirejea ofisini, nikachukua kinasa sauti tunachotumia kufunzia fonetiki, nikaitamka irabu /a/ kwa pumzi moja hadi ikakatika. Mwanzoni mwa mwaka uliotangulia, nilipokuwa nikiwaonyesha wanafunzi zoezi hilo hilo, niliishikilia kwa sekunde 19. Sasa nilifika sekunde 6. Nikarudia mara tatu. 6, 5, 6. Nikayaandika matokeo hayo kwenye karatasi moja pamoja na tarehe sauti ilipoanza kubadilika, dawa nilizopewa na mambo ya kupaliwa, nikaenda kumwona daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali nyingine. Sikumficha kwamba nilikuwa nimemwona mwenzake.

Daktari huyo wa pili, mama mwenye maneno machache, aliisoma karatasi yangu mara mbili. Kisha akapitisha puani mwangu mrija mwembamba wenye taa na kamera nchani. Kazi nzima haikupita dakika tano. Kwenye kioo nilijionea mwenyewe kitu ambacho kwa miaka kumi na minane nilikuwa nikiwachorea wanafunzi ubaoni: nyuzi za sauti. Uzi wa kulia ulikuwa ukifunguka na kufunga. Wa kushoto ulikuwa umelala. Akaniweka vidole shingoni, akaniambia nimeze mate, akanyamaza kidogo, kisha akaniandikia vipimo vingine. Kulikuwa na uvimbe mdogo upande wa kushoto wa tezi ya dundumio, ile ambayo ikivimba sana watu huiita rovu. Sindano ilipochukua chembe za uvimbe huo, ilibainika kuwa ni saratani, ya aina ambayo kwa kawaida hutibika vyema isipoachwa ikaenea. Nilipasuliwa mwezi uliofuata. Sauti niliyo nayo sasa si ile ya awali. Ni ya chini na huchoka mapema, na ukumbini hutumia maikrofoni. Uzi wa kulia umejifunza kuvuka mstari wa katikati kumfuata mwenzake asiyeweza kuja.

Kwa nini tezi ya shingoni inyamazishe sauti? Maelezo yake ni ya ajabu, na mwalimu wa Biolojia ataniwia radhi nikiingilia somo lake. Nyuzi za sauti huchezeshwa na neva ambayo haiendi kooni moja kwa moja. Hutengana na neva kubwa inayoteremka kutoka kichwani, na ile ya kushoto hushuka hadi kifuani, ikapinda chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kisha ikaanza kupanda tena kwa nyuma ya tezi ya dundumio mpaka ikafika kooni. Ni safari ya mtu atokaye Nakuru kwenda Naivasha akapitia Mombasa. Kwa hivyo chochote kinachoibana neva hiyo njiani chaweza kuikwaruza sauti: uvimbe wa tezi, saratani ya pafu, tezi za kifuani zilizovimba kwa kifua kikuu, au mshipa mkuu wenyewe uliotanuka. Koo likimulikwa kwa kurunzi halitaonyesha lolote kati ya hayo.

Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani uliotolewa mwaka wa 2018 unasema kwamba sauti isiyopona kwa muda wa majuma manne yafaa nyuzi zake zitazamwe, na mapema zaidi kukiwa na dalili nyingine za kutilia shaka. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka wa 2015 unasema kwamba mtu wa miaka 45 na zaidi ambaye sauti yake imekwaruza mfululizo bila ya sababu inayojulikana apelekwe upesi kwa mtaalamu ili saratani ichunguzwe. Miaka 45 ndiyo niliyokuwa nayo.

Hapa sina budi kumtendea haki daktari wa kwanza. Walimu huumwa na sauti kuliko watu wengine. Hilo si porojo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2004 kuhusu walimu wa majimbo ya Iowa na Utah huko Marekani ulionyesha kwamba asilimia 57.7 yao walikuwa wamewahi kupatwa na tatizo la sauti maishani, ikilinganishwa na asilimia 28.8 ya watu wasio walimu. Idadi kubwa ya matatizo hayo hutokana na kupaza sauti, vumbi na mafua, nayo hupona kwa mapumziko. Daktari akimwona mwalimu aliyepwelewa sauti na kukisia kazi yake, mara nyingi mno atapata. Shida ni kwamba ukisiaji unaopata mara nyingi ndio unaomzoesha mtu kutotazama. Alikiona cheo changu kabla ya kuniona mimi. Hivyo ndivyo mwanamke anavyoonwa kuwa mwenye wasiwasi, mzee kuwa mwenye umri, kijana wa chuo kuwa mlevi, na mtu mnene kuwa mnene.

Aidha, tusisahau jinsi kazi hiyo ilivyo nchini. Daktari au tabibu wa hospitali ya umma huona foleni inayozunguka jengo, na anayemwona mgonjwa wa sitini jioni si mtu yule yule aliyemwona wa kwanza asubuhi. Madaktari walipogoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wengi tuliona mshahara peke yake, ilhali uhaba wa watu na vifaa ulikuwa umo katika malalamiko yao. Mtu aliyechoka hutafuta jibu la karibu. Ninayasema haya ili ieleweke kuwa kutafuta maoni ya daktari wa pili si kumshtaki wa kwanza kwa ujinga wala ukatili. Ni kumwongezea macho.

Macho hayo ya pili yana faida kiasi gani? Mwaka wa 2017 watafiti wa Mayo Clinic, hospitali mashuhuri ya Marekani, walichapisha matokeo ya kuwachunguza wagonjwa 286 waliokuwa wamepelekwa huko na madaktari wao wa kwanza. Kwa asilimia 12 pekee ndipo utambuzi wa mwanzo ulipothibitishwa kama ulivyokuwa. Kwa asilimia 66 uliboreshwa au kufafanuliwa zaidi. Kwa asilimia 21 ulibadilika kabisa. Yaani mgonjwa mmoja katika kila watano alikuwa akitibiwa ugonjwa asiokuwa nao. Sharti tuwe waangalifu na takwimu hizo, kwa kuwa waliopelekwa Mayo ni wagonjwa waliokwisha kuwatatiza madaktari. Hazimaanishi kwamba kila mwenye mafua amedanganywa. Zinamhusu hasa mtu ambaye dalili zake hazikupona, zikakataa kuingia katika jina zilizopewa.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu na ya wenye pesa. Sheria zetu zasema vinginevyo. Mkataba wa Haki za Wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka wa 2013 unataja waziwazi haki ya mgonjwa kupata maoni ya daktari wa pili. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, vipimo na matibabu yaliyopo, faida, madhara na gharama, na kila inapowezekana afanye hivyo kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Kama mwanaisimu, nilipokisoma kifungu hicho mara ya kwanza nilikaribia kusimama nikipiga makofi. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inampa mtu haki ya kuziona habari zake binafsi zilizohifadhiwa na mwingine. Kwa hivyo matokeo ya maabara na picha za eksrei si siri ya hospitali. Unaweza kuomba nakala ukaenda nazo kwingine, na usilazimike kulipia vipimo vile vile mara mbili. Nimeshangaa ni walimu wangapi, watu wasiokubali kuonewa kuhusu marupurupu yao, ambao hawajawahi kusikia habari za mkataba ule wa 2013.

Sheria peke yake, hata hivyo, haitoshi pale ambapo mgonjwa tayari amelazwa na hana miguu ya kwenda kwingine. Uingereza ililijua hilo kwa uchungu. Mwaka wa 2021 msichana wa miaka 13 aitwaye Martha Mills alianguka kutoka kwenye baiskeli, kongosho lake likajeruhiwa, akalazwa katika hospitali ya King's College, London. Wazazi wake waliona hali yake ikizorota, wakasema, wakatulizwa. Martha alifariki kwa sumu ya maambukizi katika damu, zikiwa zimesalia siku chache atimize miaka 14. Mwaka uliofuata afisa wa kuchunguza vifo aliamua kwamba yaelekea angepona lau angehamishiwa mapema katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mamake, ambaye ni mhariri wa gazeti, hakunyamaza. Kuanzia mwaka wa 2024 hospitali zaidi ya 100 za Uingereza zilianza kutekeleza kile kinachoitwa Kanuni ya Martha: mgonjwa au jamaa yake akihisi kwamba hali inaharibika na hasikizwi, anaweza kuita kikosi kingine cha wahudumu kije kimtazame mgonjwa upya, saa yoyote ya mchana au usiku. Sioni kwa nini hospitali zetu kuu za rufaa, zikiwemo ya Kenyatta na ya Moi kule Eldoret, zisianze na wodi moja moja. Panahitajika nambari ya simu ukutani na mtu wa kuipokea.

Kuna pingamizi moja ninalolichukulia kwa uzito, nalo ni la kuhangaika. Twawajua watu waendao kwa daktari wa tatu, wa nne na wa tano, si kwa sababu hawakusikizwa bali kwa sababu hawakuambiwa walichotaka kusikia, hatimaye wakaangukia kwa mwuza mitishamba aliyewaahidi kila kitu. Wengine hawaendi hata kwa huyo daktari wa kwanza. Daktari wao ni muuzaji wa duka la dawa. Huko Bomet na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, ambako saratani ya umio imekuwa ikionekana kwa wingi kwa muda mrefu, hospitali ya Tenwek imewahudumia wagonjwa wengi ambao umio wao umezibika hata uji haupiti. Mtu ambaye chakula kinamkwama hapaswi kutibiwa asidi mwezi baada ya mwezi kwa dawa za kununua dukani. Anapaswa kutazamwa ndani kwa mrija. Maoni ya pili yenye maana hutoka kwa mtu mwenye ujuzi sawa au zaidi, asiyefanya kazi chini ya yule wa kwanza, na ambaye ameelezwa yote aliyoyasema wa kwanza. Wakikubaliana baada ya kutazama kwa makini, mgonjwa ana sababu njema ya kutulia, na kutulia huko nako ni tiba.

Nije sasa kwenye maneno yenyewe, maadamu hilo ndilo ninalolijua zaidi. Mtu afanye nini katika zile sekunde 18? Awape maneno yake mpangilio usio wa kawaida yetu: kiini kwanza. “Daktari, nimekuja kwa sababu natokwa na damu, na hedhi ilikoma miaka mitano iliyopita.” Kichwa na magoti vitafuata. Ataje lini jambo lilianza, linaongezeka au linapungua, na ni kazi gani ya kila siku ambayo sasa imemshinda. “Sifiki ghorofa ya pili bila kupumzika” ni kauli nzito kuliko “nachoka”. Akisikia lile neno “tu”, asibishane. Aulize: “Daktari, isipokuwa hivyo, yaweza kuwa nini kingine?” Swali hili lina heshima zote, na kisarufi halijibiki kwa “tu”. Aulize pia: “Nikae siku ngapi kabla ya kurudi, na nikiona nini nije mara moja?” Iwapo bado haridhiki, aseme bila ya kuinua sauti: “Nashukuru. Ningependa kupata maoni ya mtaalamu mwingine. Tafadhali niandikie barua ya rufaa na unipe nakala ya matokeo.” Daktari anayejiamini hawezi kuudhika. Anayeudhika naye amekupa habari muhimu bila ya kujua. Kuwa na mtu wa kukusindikiza husaidia mno, kwa sababu mgonjwa husahau nusu ya aliyoambiwa, na kwa sababu, nasikitika kusema, watu wawili hukatizwa kidogo kuliko mmoja.

Hayo yote ni ya maradhi yenye subira. Uso au mkono ukilegea ghafla upande mmoja, kifua kikibana kwa maumivu yanayosambaa, pumzi ikikatika, au mjamzito akitokwa na damu au kuumwa kichwa kikali huku macho yakififia, usitafute maoni ya pili wiki ijayo. Nenda hospitali nyingine saa hiyo hiyo.

Nimewaweka mwisho wanafunzi wa shule za bweni, kwa kuwa hao hawana maoni ya pili hata kidogo. Kila aliyefunza katika shule hizo anamjua mtoto anayejifanya mgonjwa siku ya mtihani wa Hisabati, na kwa ajili ya mtoto huyo mmoja wengine wote hutiliwa shaka. Anayeumwa tumbo hupewa Panadol na kurudishwa darasani; akirejea usiku huitwa mdanganyifu. Ilhali kidole tumbo kinapowaka, maumivu aghalabu huanza karibu na kitovu, kisha baada ya saa kadhaa yakahamia chini upande wa kulia, na mtoto aliyeonwa mara moja tu asubuhi hawezi kutambulika. Hapo mwalimu wa zamu na mlezi wa bweni ndio madaktari wa kwanza, nalo lile neno dogo limo vinywani mwao pia. Ninapendekeza jambo jepesi ambalo mwalimu mkuu yeyote anaweza kulianzisha Jumatatu: daftari moja katika chumba cha matibabu, na ndani yake saa aliyokuja mwanafunzi, mahali alipoonyesha kwa kidole, joto la mwili lililopimwa, na maneno yake mwenyewe kwa lugha aliyoyasema. Akirudi mara ya pili kwa jambo lile lile kabla ya saa 24 kupita, anapelekwa hospitali na mzazi wake anapigiwa simu, hata kama kesho yake ni mtihani, na hata kama ni yule yule wa Hisabati.